Copilot, Claude Code au Ollama? Kuchagua msaidizi wa kuandika programu kwenye kompyuta ya mezani ukiwa Mbeya

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesoma MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, alinijia ofisini Mwanjelwa na kompyuta yake ya mezani. Alikuwa ameipakata kwenye bajaji kutoka Iyunga, imefungwa kwa kanga.

"Shikamoo kaka. Naomba uniwekee ile AI ya kuandika programu."

"Marahaba. Unataka ipi?"

"Iliyo kali kuliko zote."

Nikamwambia tuanze kwa kufungua kasha. Alishangaa, maana alitegemea niwashe mashine na kuanza kupakua. Lakini kwa miaka niliyotengeneza mifumo midogo ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), zahanati na maduka ya pembejeo hapa Mbeya na Songwe, nimejifunza kwamba swali la ipi kali huja mwisho. Kabla yake kuna mambo manne: RAM iliyomo ndani ya kasha, bando, kadi ya kulipia, na taarifa za nani zimo kwenye folda unayofanyia kazi. Hilo la nne watu hawaliulizi, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote.

Njia nitakazolinganisha ni tatu. Ya kwanza ni GitHub Copilot ndani ya Visual Studio Code (VS Code), kihariri cha kuandikia msimbo. Huyu hukaa kwenye kihariri chako na kukumalizia mstari unaouandika. Ukiukubali unabonyeza Tab, ukiukataa unabonyeza Esc. Ya pili ni Claude Code, inayofanya kazi kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri. Unaipa kazi kwa maneno, inasoma folda, inahariri mafaili, inaendesha amri na kuangalia matokeo. Ya tatu ni Ollama, programu ya kuendesha AI kwenye kompyuta yako mwenyewe, ikiunganishwa na Continue, programu-jalizi inayoileta ndani ya VS Code. Hapo modeli yenyewe, yaani ubongo wa AI, inakaa kwenye diski yako, na intaneti ikipotea inaendelea kukujibu. Cursor, kihariri kingine chenye AI, nimeiacha kwa sababu imejengwa juu ya msingi wa VS Code. Aliyezoea kusakinisha Copilot haitampa shida.

Ndani ya kasha

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua hapa mjini ni za mtumba, Dell OptiPlex na HP zilizokwisha kutumika maofisini. Ya kijana ilikuwa OptiPlex 9020 yenye Core i5 ya kizazi cha nne na RAM ya GB 8. Prosesa za kizazi hicho zilianza kutoka 2013. Si mashine ya kudharau, ila ina jambo moja la kulimaliza kwanza: Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Mtu mwenye mashine ya aina hii ningemshauri ahamie Linux Mint au Ubuntu kabla hajaanza kuhangaika na msaidizi wa aina yoyote. Njia zote tatu zinafanya kazi kwenye Linux, na mbili za mwisho nadhani zinakaa vizuri zaidi huko.

Kwa Copilot na Claude Code, hesabu nzito inafanyika kwenye seva za mbali. Kompyuta yako inatuma maandishi na kupokea maandishi. Claude Code inaomba RAM ya GB 4 kwenda juu, na VS Code yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kinachoilemea mashine ni kivinjari ulichokiacha na tabo thelathini. Kwa hiyo kwa njia hizi mbili, GB 8 zinatosha, na kama una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Ollama ni habari nyingine, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza bando lao.

Modeli inapojibu, haitoi jibu lote kwa mkupuo. Inatoa kipande kimoja cha neno, halafu kingine, halafu kingine. Vipande hivyo huitwa tokeni. Kwa kila tokeni, prosesa inapaswa kupitia modeli nzima kutoka kwenye RAM. Sasa chukua Qwen2.5-Coder ya vigezo bilioni 7 (vigezo ni namba zilizo ndani ya modeli, ndizo kipimo cha ukubwa wake), modeli ya Alibaba inayopatikana Ollama. Faili lake lina GB 4.7. RAM za aina ya DDR3-1600, ambazo ndizo zinazokaa kwenye mashine za kizazi hiki, zikiwa vijiti viwili vilivyopangwa vizuri zinaweza kusomwa kwa kasi isiyozidi GB 25.6 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: tokeni tano na kidogo kwa sekunde, na hiyo ni dari ambayo hutaifikia. Ikiwa kijiti ni kimoja, kasi ya kusoma inakatika nusu, na majibu nayo yanakatika nusu.

Ndiyo maana nilitaka kufungua kasha. Muuzaji alimwambia kijana kwamba ana GB 8, na kweli alikuwa nazo, lakini zote zilikuwa kwenye kijiti kimoja. Kwa mtu anayeandika barua hakuna shida. Kwa mtu anayetaka modeli ikae ndani ya mashine, vijiti viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, na viwili vya GB 8 ni bora zaidi, maana modeli ya bilioni 7 kwenye mashine yenye jumla ya GB 8 inabanana na mfumo endeshi, VS Code na kivinjari mpaka kila kitu kinakwama.

Kuna saizi ndogo. Ile ya bilioni 1.5 haifiki hata GB 1, na kwa kumalizia mistari inakwenda kwa kasi inayovumilika hata kwenye OptiPlex. Ya bilioni 3 inavutia kwa kuwa iko katikati, lakini kama unatengeneza mifumo ya wateja iache: katika familia ya Qwen2.5-Coder, ni hiyo peke yake ambayo leseni yake ni ya utafiti na hairuhusu biashara. Nyingine ziko chini ya Apache 2.0, leseni huru inayoruhusu biashara.

Bando na umeme

Watu huniambia wanataka ya ndani ya mashine "kwa sababu haili bando." Hesabu yake si nyepesi hivyo. Copilot na Claude Code zinatuma maandishi matupu, na maandishi ni mepesi. Saa nzima ya kazi kwa kawaida haili bando kama saa nzima ya video. Ollama inakula yote mwanzoni: kisakinishi chake ni kizito, kisha GB 4.7 za modeli, na ukitaka kujaribu modeli nyingine ni GB nyingine tena. Baada ya hapo haikudai kitu. Fanya upakuaji kwa bando la usiku. Habari njema ni kwamba amri ya kupakua modeli kwenye Ollama ikikatishwa haianzi upya. Ukiirudia inaendelea pale ilipoishia. Kwa sisi ambao umeme unaweza kukatika saa tisa usiku upakuaji ukiwa umefika asilimia tisini, hilo ni jambo la kushukuru.

Kinachoitofautisha Ollama ni mahali. Mjini Mbeya mtandao wa simu unatosha kwa njia yoyote. Nikienda kwa mteja wangu Mbozi, ofisi yake iko bondeni na simu inashika mtandao ukisimama dirishani tu. Hapo msaidizi wa seva za mbali anakuacha katikati ya sentensi.

Umeme unazigusa zote tatu sawasawa, maana kompyuta ya mezani haina betri. Washa kipengele cha kuhifadhi faili kiotomatiki kwenye VS Code, na tafuta UPS hata ya mtumba. Halafu kuanzia Novemba mpaka Aprili, radi za huku kwetu zikianza, chomoa na waya wa ruta. Nimepoteza ruta mbili kwa kuchomoa kompyuta peke yake.

Kulipa

Copilot ilipoanza kuuzwa kwa watu wote Juni 2022 bei yake ilikuwa dola 10 kwa mwezi. Desemba 2024 wakaleta mpango wa bure, wenye umaliziaji 2,000 na ujumbe 50 wa mazungumzo kwa mwezi. Kwa anayejifunza, hiyo inatosha kuonja. Mwanafunzi ana njia nzuri zaidi: GitHub Education humpa Copilot bila malipo akishathibitisha kuwa ni mwanafunzi, kwa kawaida kwa barua pepe ya chuo au picha ya kitambulisho. Kijana wangu hakuwa anajua hilo, na nadhani wenzake wengi hawajui.

Claude Code haimo kwenye akaunti ya bure ya Claude. Unahitaji mpango wa Pro, ambao ni dola 20 kwa mwezi ukilipa mwezi kwa mwezi, au ulipie kadiri unavyotumia kupitia API, njia ya programu kuunganishwa moja kwa moja na seva zao. Dola 20 ni zaidi ya shilingi 40,000, na kwa hapa kwetu hiyo ni kodi ya chumba. Mtu anayelipwa kwa kazi ya mfumo mmoja kwa mwezi atairudisha. Anayesoma, hapana, asijibane. Akitaka kuonja kazi ya teminali bila kulipa, Google walitoa Gemini CLI Juni 2025, ukiingia kwa akaunti ya kawaida ya Google, wakiwa wametangaza maombi 1,000 kwa siku bila malipo. Angalia masharti yaliyopo siku unayosakinisha, maana hizi ofa hubadilika.

Kulipia kunataka kadi ya Visa au Mastercard. Kama benki yako haijakupa, kadi za mtandaoni zinazotengenezwa kwenye huduma za fedha za simu zinafaa. Weka kiasi cha mwezi mmoja tu, usiache salio kubwa humo.

Ollama na Continue ni bure. Gharama yake ni RAM na umeme.

Taarifa za watu

Tuseme unatengeneza mfumo wa chama cha wakulima wa kahawa. Kwenye folda una msimbo, lakini pia una faili la majaribio ulilopewa na karani: majina, namba za simu, kilo alizoleta kila mtu, deni lake la mbolea. Ukimwambia msaidizi wa teminali "soma folda hii unieleze mfumo unavyofanya kazi," anaweza kulisoma na hilo. Likisomwa, limesafiri nje ya nchi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazungumzia waziwazi usafirishaji wa taarifa za watu kwenda nje. Sheria kando, kuna yule mzee aliyempa karani namba yake ya simu na deni lake akiamini vinaishia kwenye daftari la chama. Mimi namfikiria yeye kwanza.

Kwa hiyo desturi yangu ni hii, kwa njia yoyote ninayotumia: taarifa halisi hazikai kwenye folda ya msimbo. Ninatengeneza wakulima wa kubuni, ishirini wanatosha, nikiwapa madeni ya kila namna: asiyedaiwa, anayedaiwa kidogo, na anayedaiwa kuliko mazao yake. Msaidizi anaona muundo wa majedwali na wakulima hao wa kubuni. Nywila za hifadhidata zinakaa kwenye faili la .env, na Claude Code unaiambia kwenye faili lake la mipangilio kwamba hairuhusiwi kulisoma. Kwa Copilot, kipengele cha kuzuia mafaili kipo kwenye mipango ya makampuni. Ukiwa na mpango wa mtu binafsi, dawa ni kutoweka faili hilo hapo. Halafu fungua ukurasa wa faragha wa akaunti yako, kote kuwili, uone kama msimbo wako umeruhusiwa kufunzia modeli. Kama hutaki, zima kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Kama kazi yenyewe inakulazimu kushika taarifa halisi, kwa mfano kusafisha rejista ya wagonjwa ya zahanati, basi kwangu mjadala unafungwa: ni Ollama, na waya wa intaneti umechomolewa.

Zinavyofanya kazi

Nilizipa zote kazi moja: kuandika hesabu ya malipo ya mkulima, kujumlisha kilo za kahawa mbivu alizoleta msimu mzima, kuzidisha kwa bei ya daraja, kutoa mkopo wa mbolea, kisha kutoa karatasi ya malipo. Mfumo ni wa PHP, wenye mafaili arobaini hivi, na majina yote ya vigeu ni ya Kiswahili: $kilo, $deni_mbolea, $malipo_halisi.

Copilot ni raha kwa mtu anayejua anachoandika. Mikono haitoki kwenye kibodi. Baada ya kuandika mistari michache ilishika mtindo wangu wa majina na kuendelea nao. Lakini anayejifunza awe mwangalifu: mstari unakuja haraka kuliko mawazo, na kidole kinabonyeza Tab kabla jicho halijasoma.

Claude Code ilikwenda kwa mwendo mwingine. Niliieleza kazi kwa Kiswahili, ikasoma mafaili, ikaniambia kwamba mkopo unakatwa sehemu mbili tofauti kwa hesabu zisizofanana, ikauliza ipi ndiyo sahihi. Hilo kosa lilikuwa langu, la msimu mzima uliopita. Inaomba ruhusa kabla ya kubadilisha faili au kuendesha amri, na nakusihi usome inachoomba; usiidhinishe yote kwa mkupuo. Kabla ya kila kazi, hifadhi hali ya msimbo kwa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, ili ukitaka kurudi nyuma urudi kwa amri moja.

Modeli ndogo za ndani ya mashine ni za kusimamiwa. Mojawapo niliyoijaribu iliandika hesabu nzuri kwa macho, lakini mkulima mwenye deni kubwa kuliko mazao akatoka na malipo hasi. Wale wakulima wa kubuni ndio walioliona hilo. Kiswahili pia huzitatiza modeli ndogo. Ukiuliza kwa Kiingereza chepesi na kuacha majina ya vigeu kwa Kiswahili utapata jibu la maana zaidi. Kwa kueleza mstari wa SQL (lugha ya hifadhidata), kuandika hesabu fupi au kukumbusha jina la amri, zinatosha kabisa.

Kusakinisha

Kwa Copilot, pakua VS Code kutoka code.visualstudio.com. Andika anwani hiyo mwenyewe. Usibonyeze tangazo la juu kwenye ukurasa wa utafutaji, kuna kurasa za uongo. Fungua sehemu ya mazungumzo ya Copilot, ingia kwa akaunti ya GitHub, basi. Ni kazi ya robo saa.

Claude Code kwenye Linux ni amri moja iliyo kwenye ukurasa wao rasmi. Kwenye Windows ni vizuri uwe na Git for Windows au WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows), na wengi hukwama hapo kwa sababu wanasakinisha Git baadaye. Anza na Git. Kisha ingia kwenye folda ya mradi, andika claude, uingie kwenye akaunti. Amri ya kwanza ninayoitoa ni /init, inayotengeneza faili liitwalo CLAUDE.md lenye maelezo ya mradi. Mimi huongeza humo kwa Kiswahili: bei hazina senti, tarehe ni siku-mwezi-mwaka, usiguse folda ya ripoti. Inazifuata.

Ollama inatoka ollama.com. Kwenye Windows haihitaji haki za msimamizi, jambo linalosaidia kwenye kompyuta ya ofisi. Modeli hukaa diski C. Kama imejaa, weka kigeu cha mazingira OLLAMA_MODELS kionyeshe diski nyingine kabla hujapakua. Kisha andika ollama pull qwen2.5-coder:1.5b na usubiri. Ndani ya VS Code sakinisha Continue, uielekeze kwa Ollama, inayosikiliza kwenye mlango 11434. Kwenye mipangilio yake unaweza kuweka modeli ndogo ya kumalizia mistari na kubwa ya mazungumzo. Kwa mashine ya GB 8, tumia hiyo ndogo kwa yote mawili.

Kijana wa MUST nilimwekea Linux Mint, VS Code na Copilot, na palepale tukajaza maombi ya GitHub Education. Nikamwongezea kijiti cha pili cha RAM, ikawa GB 16, na Ollama yenye modeli ya 1.5 kwa siku bando likiisha. Mimi mwenyewe, ofisini, nalipia Claude Code miezi yenye kazi na kuikatisha miezi isiyo na kazi. Na kule Mbozi, kwenye kompyuta ya karani, ipo Ollama peke yake na modeli ya bilioni 7. Inajibu polepole. Karani ananiambia akishauliza huinuka akapime magunia mawili, akirudi jibu limeshaandikwa, na daftari la wazee bado liko palepale ofisini.